Marehemu Leslie Halliwell na vitabu vyake vya filamu

Wapenzi wengi wa muvi siku hizi hawamjui kabisa Leslie Halliwell na mimi inaniuma, maana kabla ya intaneti ukitaka kujua yule jamaa aliyetokea dakika mbili tu kwenye filamu ya zamani, kafungua mlango, kasema neno moja, kaondoka, anaitwa nani na kaigiza wapi kwingine, ulikuwa unafungua kitabu cha huyu bwana. Steringi kila mtu anamjua. Halliwell aliwajali mpaka wale waliokuwa wanacheza mabosi, polisi na mashangazi miaka nenda rudi bila jina lao kuwekwa kwenye bango.

Kazaliwa Februari 1929 Bolton, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya pamba. Miaka ile ya 30 maisha yalikuwa magumu kwelikweli lakini majumba ya sinema yalikuwa mengi na kiingilio kidogo, basi mama yake akawa anaenda naye tangu mdogo, leo hili kesho lile. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatuhitaji kuelezewa hiyo hali, sinema ikishamwingia mtoto umri ule haitoki tena. Mwaka 1985 aliandika kitabu cha kumbukumbu zake na sehemu kubwa ni kuhusu hayo majumba tu.

Akasoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Cambridge, baadaye akawa meneja wa sinema moja hukohuko inaitwa Rex, na hapa ndipo nampendea zaidi. Mwaka 1955 alionyesha The Wild One, ile ya Marlon Brando na genge la pikipiki, wakati bodi ya ukaguzi ya filamu ilikuwa imeshaikataa. Na hakuvunja sheria yoyote! Kule bodi inatoa cheti, lakini wenye kauli ya mwisho kuhusu nini kionyeshwe mjini ni mamlaka za mji wenyewe, kwa hiyo akawaendea wa Cambridge, wakaiangalia, wakamruhusu. Bodi yenyewe ilikuja kuipitisha 1967.

Halafu akahamia kwenye televisheni, kampuni inaitwa Granada, na vitabu akawa anaviandika nje ya saa za kazi. Mwaka 1965 kikatoka The Filmgoer's Companion, utangulizi kaandika dairekta maarufu Alfred Hitchcock mwenyewe. Ni kama kamusi, A mpaka Z, waigizaji, madairekta, watunzi wa muziki, kila mtu na kazi zake. Fikiria mwaka 1965, hakuna kompyuta mezani, hakuna kanda ya kurudisha nyuma uhakikishe, filamu ikishatoka sinema imekwenda, yaani unategemea uliyoyaona, uliyoyaandika na magazeti uliyotunza.

Mwaka 1977 ikafuata Film Guide, filamu kama 8,000. Chukua Casablanca: unakuta nchi, mwaka 1942, dakika 102, kampuni, kwamba ni nyeusi na nyeupe, halafu hadithi kwa sentensi moja na hukumu yake fupi. Chini kuna herufi ndogo ndogo, w kwa aliyeandika, d kwa dairekta Michael Curtiz, ph kwa mpigapicha Arthur Edeson, m kwa muziki wa Max Steiner. Mpigapicha yumo! Hapa kwetu muvi ngapi zimepita na hakuna popote palipoandikwa nani alishika kamera.

Nyota anazoipa filamu kwa ubora mwisho ni nne, ila filamu nyingi mno hazina hata moja. Za miaka ya 30 na 40 alizipenda mno, za kuanzia 60 kuja juu aliziona zimejaa matusi na ukatili. Mimi hapo sikubaliani naye hata kidogo, kuna kazi kubwa za miaka ya 70 kazidharau kabisa na ukisoma unakasirika, lakini unajua anachokipenda na kwa nini, kila mstari una mtu ndani yake.

Na huyohuyo ndiye aliyekuwa mnunuzi wa filamu wa mtandao mzima wa ITV, zile televisheni za biashara za Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, anaenda Hollywood kuchagua watakachoangalia mamilioni ya Waingereza sebuleni. Kituo kingine cha televisheni, Channel 4, kilipoanza 1982 akakiletea zile za zamani za nyeusi na nyeupe, watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili wakaona walichokiona yeye na mama yake.

Alifariki Januari 1989 kwa kansa, bado mwezi mmoja tu afikishe 60. Film Guide iliendelea kutoka chini ya mhariri mwingine, John Walker, lakini ukikutana nayo kwa wauza vitabu vya mitumba chukua toleo la miaka ya 80, manake hayo ya baadaye filamu mpya kazihukumu mtu mwingine.