Paa la kituo cha wageni: jaribio la saba

Limesimama! Leo asubuhi nimeligeuza paa langu la mfano la plasta, nikaliweka mezani kwa miguu yake minne, na upande wa mlangoni haukupasuka. Mara sita mfululizo ulipasuka palepale, katikati ya upinde, ufa mwembamba kama unywele ukitambaa kuelekea mguu wa kushoto.

Njia ni ileile ya Heinz Isler, mhandisi wa Uswisi: kitambaa kilicholowa plasta kinaning'inizwa, kinakauka, kinapinduliwa. Mgongo wa paa haujawahi kunisumbua. Balaa ni ukingo ulio wazi, pale mgeni wa hifadhi anapoingilia. Niliongeza plasta, ukawa mzito ukalegea zaidi. Nikatia waya, plasta ikaachana nao. Boriti sikuitaka hata kidogo, maana ingeua umbo la jani ninalolitafuta tangu mwanzo. Msanifu Félix Candela alijenga mkahawa wa Los Manantiales kule Xochimilco, Mexico, mwaka 1958, kwa zege la unene wa sentimita 4 hivi, na kingo zake hazina boriti. Kwa hiyo nilijua inawezekana, na hilo ndilo lililoniuma.

Jibu nimeliokota chini: jani kavu. Bichi ukilishika kikonyo linalegea, ila hili pindo zake zilikuwa zimejikunja juu, gumu kama mtumbwi. Mimi nilikuwa nabana pini ukingoni kabisa mwa kitambaa! Safari hii nimezisogeza ndani sentimita 3, ziada ikaning'inia nje. Kilipopinduliwa, ile ziada ikawa mdomo uliobinuka juu, na mdomo huo ndio unaoukaza ukingo.

Kuhusu vitambaa: kwa skeli ya 1:50 marekani ni nzito, inajikunja pembeni. Shashi inavujisha plasta. Melimeli iliyofuliwa haina mpinzani. Programu ya kompyuta ilinichorea umbo hili haraka na vizuri, lakini ufa sikuuona humo hata siku moja.

Leo ilikuwa zamu ya kusanifu kaunta, vyoo na ukuta wa ramani. Sijagusa. Nilidondosha maji mgongoni mwa paa kwa bomba la sindano, yakashuka hadi kwenye mdomo, yakageuka, yakaufuata hadi miguuni. Mlangoni pakavu kabisa! Sasa nataka kidimbwi chini ya kila mguu, mgeni aingie huku mvua ikimwagika kulia na kushoto kwake. Kimoja nimeshakifinyanga kwa udongo, bado kibichi.