Siku moja maishani mwangu: kujenga milima katikati ya kopi na laminesheni

Saa 11:40 alfajiri

Duka langu la steshenari liko Kihonda, Morogoro, na mimi nalala chumba cha nyuma yake. Kompyuta ni moja tu. Mchana inaprinti fomu na kukata sura za watu ziingie kwenye pasipoti saizi. Muda unaobaki ninajenga nchi ndani yake. Ni modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na mchezaji mwenyewe, ya Skyrim, lile gemu la mwaka 2011 la theluji na madragoni, ila kwangu theluji hakuna. Ninaweka Uluguru, milima iliyo kusini mwetu.

Jana usiku niliingiza ramani mpya ya miinuko, nikalala bila kuikagua. Sasa, mswaki bado uko mdomoni, nimemsimamisha mhusika wangu chini ya mlima, natazama juu.

Mlima mzima umekuwa ngazi. Ngazi kweli, kama za stendi ya uwanja wa mpira, zimeuzunguka kutoka bondeni hadi kileleni, kila moja inanifika kiunoni. Nikijaribu kupanda, mhusika anarukaruka kama mbuzi, kisha anakwama.

Kosa ni langu na ni la kijinga. Ramani ya miinuko ni picha ya kijivu tu: panapokaribia weusi ni chini, panapokaribia weupe ni juu. Ukiisevu kwa biti 8 unapata vivuli 256 vya kijivu, basi. Kwa biti 16 unapata 65,536. Mlima wangu, kutoka bondeni hadi kileleni, una kimo cha kama mita 300 za ndani ya gemu, na mita 300 ukizigawa kwa 256 kila hatua inazidi mita moja. Katikati ya hatua mbili hakuna kitu. Na dalili ilikuwepo: faili lilikuwa na MB 4 wakati mafaili yangu ya siku zote yana MB 8. Nililiona. Nikafurahi kwamba limepungua uzito.

Saa 1:30 asubuhi

Wanafunzi. Kopi, kopi, kalamu ya bluu, kopi. Dogo mmoja anachungulia skrini, anauliza, "Dada, hapo simba wako wapi?" Namwambia simba watakuja, kwanza wapate pa kukanyaga. Haridhiki.

Saa 3 asubuhi

Wateja wamepungua. Nafungua tena ramani ya asili ili niisevu upya, safari hii nikiangalia mara tatu palipoandikwa 16.

Niseme kidogo ninavyoipata, maana wengi hudhani nachora mlima kwa kipanya. Nilianza hivyo miaka ya mwanzo. Nilipata vichuguu. Mlima uliochorwa kwa mkono unajulikana mara moja, una mabega laini pande zote kama mto wa kulalia. Siku hizi naanza na vipimo halisi. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na data zake ni bure kwa mtu yeyote. Ni nukta moja ya kimo kwa kila mita 30 hivi. Nazikata kwenye QGIS, programu ya ramani, nabaki na safu ya Uluguru peke yake.

Hapo ndipo udanganyifu unapoanza. Ardhi ya Skyrim imegawanywa kwa seli, kila seli ina upande wa yuniti 4,096 (yuniti ni kipimo cha gemu lenyewe), yaani kama mita 58, na ndani yake nukta za kimo zinapishana kwa chini kidogo ya mita mbili. Nikiweka nukta moja ya rada kwenye nukta moja ya gemu, milima inasinyaa mara 16. Safu inayokuchukua siku nzima na zaidi kuipita kwa miguu inakuwa ya kutembea kabla chai haijapoa. Nchi yangu yote ni seli 64 kwa 64. Jumla ni seli 4,096, namba ileile ya yuniti za upande wa seli, jambo ambalo halina maana yoyote lakini hunifurahisha kila mara. Ukikimbia kutoka ukingo hadi ukingo bila kizuizi ni dakika kama kumi na mbili.

Na kimo nacho nikikipunguza mara 16, kilele cha zaidi ya mita 2,600 kinakuwa kilima cha kuangikia nguo. Kwa hiyo kimo nakipunguza mara saba tu. Miteremko inakuwa mikali kuliko ya kweli, ila jicho linaikubali. Mtu anayekumbuka mlima aliowahi kuupanda huukumbuka mkali kuliko ulivyo.

Saa 4:15 asubuhi

Ameingia mzee na karatasi za shamba, anataka kopi tatu tatu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Usizikunje hizo, ni za ukoo wa mama yangu."

Napanga karatasi kwenye mashine. Yeye ameegemea kaunta, macho kwenye skrini, ambako ule mlima wa ngazi bado umesimama.

"Nani kalima matuta hayo?"

Namweleza kwamba ni mchezo wa kompyuta, kwamba mlima ni Uluguru, kwamba ngazi ni kosa langu. Anacheka hadi anakohoa. Kumbe ni mtu wa upande wa Matombo, hukohuko Uluguru. Anasema alikuwa na miaka saba mwaka 1955, Waingereza walipokuwa wanawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima, ati kuzuia udongo usimomonyoke. Baba yake alichimba. Udongo mzuri wa juu ukafukiwa, ukabaki ule wa chini usio na kitu, mahindi yakatoka manjano. Watu wakagoma, pakachafuka, na mpango wenyewe ukafa.

"Tuliyakataa," anasema, "na wewe umekuja kuyarudisha usiku mmoja."

Hapo umeme unakatika. UPS, betri ya akiba ya kompyuta, inaanza kulia. Nina dakika saba za kusevu na kuzima vizuri, na mzee ana kopi nne kati ya tisa. Anasema atapita baada ya Adhuhuri.

Saa 5 hadi saa 8 mchana

Umeme hakuna. Natoa kigoda nje, daftari mapajani, natazama kusini. Kutoka Kihonda safu inaonekana vizuri mawingu yakipanda, na hii ndiyo shule yangu. Nimeitazama miaka mingi kama pazia. Nilipoanza kuijenga ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kuiona. Kwa mfano, mgongo wa mlima hauteremki mfululizo. Unashuka, unatulia kidogo, unagawanyika kama vidole, na kati ya kidole na kidole kuna korongo lililojaa giza hata saa sita mchana. Hilo giza ndilo linalouonyesha mlima una kina. Kwangu makorongo yalikuwa mapana, yenye mwanga, kama mabakuli.

Wali maharage kutoka kwa mama ntilie wa jirani. Mteja mmoja wa laminesheni, nikamrudisha.

Saa 8:20 mchana

Umeme umerudi. Naingiza ramani mpya kwa TESAnnwyn, programu ya zamani ya wamodi isiyo na vitufe. Unaiandikia amri, inakujibu kwa mistari ya maandishi, mwisho inakupa faili. Nalifungua kwenye Creation Kit, programu ya kujengea ndani ya Skyrim. Natembeza jicho juu ya mteremko nikiwa nimeshika pumzi.

Laini. Hakuna ngazi hata moja.

Mzee amerudi, koti begani. Nampa kopi zake. Haondoki. Anavuta stuli.

"Mto uko wapi?"

Namwonyesha kwa majivuno, maana mto nimeuchonga mwenyewe. Data za rada zinakupa mabonde makubwa, vijito vinapotelea katikati ya nukta na nukta. Nimeupitisha mahali pazuri: unatoka msituni, unapita begani mwa mlima ambapo mchezaji ataona bonde lote chini, kisha unadondoka. Nilipoteza Jumapili mbili kwa ajili ya mandhari hayo.

Anaweka kidole kwenye kioo.

"Huku chini, au juu?"

"Chini, babu."

"Na huku upande wa pili?"

"Chini pia."

"Sasa mto umekalia mgongo. Nani kaushika usianguke?"

Nikanyamaza. Nikazungusha kamera. Mto wangu ulikuwa umelala juu kabisa ya mgongo kama mtu aliyelala juu ya ukuta. Kutoka angani hukuliona hilo, kwa sababu kutoka angani mgongo na bonde vinafanana, yote ni mikunjo. Mtu aliyewahi kubeba ndizi kwenye mlima huo aliliona akiwa amekaa kwenye stuli.

Kidole chake kikaendelea kushuka kwenye kioo, kikiacha alama ya mafuta: hapa maji yatatoka kwenye mizizi ya miti mikubwa, hapa yatakutana na mengine, hapa pana mwamba yataruka, hapa watu watachota. Nikamwomba arudie polepole. Nikaandika namba za seli pembeni ya daftari, kumi na nne zote.

Saa 10 jioni

Kuuhamisha mto ni kazi kuliko kuuchora. Maji ya gemu hili hayajui kuteremka. Kila seli ina usawa wake wa maji, umelala kama maji ya sinia. Ukitaka mto ushuke mlima unaukata vipande: kipande tambarare, poromoko, kipande tambarare, poromoko, na mchezaji anadanganywa na povu na sauti. Kwa hiyo kila mahali mzee aliposema "mwamba", mimi nasikia "hapa ndipo pa kuficha kiungo". Miamba yake imeangukia karibu kabisa na ninapoihitaji. Sijui nishangae nini.

Najaza mfereji wa zamani kwa brashi ya kunyanyua, nachimba mpya. Makorongo nayabana, nikikumbuka giza la mchana. Kuta za korongo hazisimami wima kabisa, kwani ardhi ni kitambaa kilichotandazwa, hakiwezi kujikunja ndani wala kuwa na pango. Panapotakiwa ukuta naleta mawe, nayazungusha moja moja mpaka yaache kuonekana ni mawe yaleyale matano. Hii ndiyo sehemu inayokula maisha ya mtu. Masaa mawili yameniletea korongo moja la mita mia.

Katikati ya hayo: barua ya maombi ya kazi, bi harusi mtarajiwa anayetaka kadi za mchango hamsini, na kijana aliyetaka nimfutie mtu kwenye picha. Nimemfutia.

Saa 12:30 jioni

Rangi ya ardhi. Ninapaka udongo mwekundu kwenye njia, nyasi pembeni. Jambo nililojifunza kwa aibu: nyasi za gemu hili haziwekwi, zinaota zenyewe kutoka kwenye tekscha ya ardhi, yaani ile picha inayopakwa juu yake. Ukisahau kubadilisha tekscha chini ya nyumba, nyasi zinatoboa sakafu na kumkaribisha mgeni sebuleni. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na nyasi hadi mezani.

Kazi ya wavu wa njia, ule unaowaambia wahusika pa kukanyaga, sitaielezea. Ni pembetatu, maelfu ya pembetatu, na naichukia. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa anaipenda, ananifanyia, nami namtengenezea miti. Leo nimemtumia ujumbe kwamba mto umehama na seli kumi na nne alizokwisha kuzimaliza zimeharibika. Amejibu, "Wewe dada wewe." Baada ya dakika: "Haya, tuma."

Saa 2 usiku

Nimefunga duka. Sasa natembea.

Sheria yangu ni kutembea, si kukimbia, na kamera ikae usawa wa macho. Naanzia bondeni. Dakika ya kwanza inachosha, napaacha hivyo. Mtu anahitaji uwanda ili mlima uwe mlima. Njia inaingia kwenye korongo, mwanga unapungua, na kabla ya kuuona mto naanza kuusikia. Poromoko la kwanza. La pili limeelea hewani kiganja kizima juu ya jiwe, naliandika. La tatu sawa. Pale aliposema watu watachota, maji yametulia kwenye ubapa wa mwamba, na kwa bahati tu nilikuwa nimeacha hapo mti mmoja ulioinama. Nimekaa hapo muda ambao hauna faida yoyote kwa modi.

Ile sehemu ya begani, ambako mto ulipita zamani, bonde linaonekana lote chini kama nilivyotaka. Sasa pako pakavu. Nimepaweka njia ya miguu.

Saa 4:45 usiku

Kazi ya mwisho haihitaji mimi. Gemu linapakia kwa ukamilifu seli tano kwa tano tu kumzunguka mchezaji. Milima yote ya mbali ni nakala nyepesi inayotengenezwa kando. Nisipoitengeneza upya, mlima wa mbali utakuwa bado na ngazi za jana, na ukiukaribia zinayeyuka mbele ya macho yako. Nimewasha xLODGen, programu inayotengeneza nakala hizo. Kwa kompyuta hii ya mtumba itafika alfajiri, umeme ukiturehemu. Nimezima skrini, feni inanguruma.

Nimetoka nje kukagua kufuli. Hewa imepoa. Juu ya Bondwa, kilele kimoja cha Uluguru, taa za minara zinawaka, nyekundu, na ndizo pekee zinazoonyesha kwamba pale gizani pana mlima. Kwangu minara sijaweka. Kesho saa 2 yule bi harusi anafuata kadi zake.