Gulio la wakulima la Desemba hapa Madison

Wageni wengi kutoka kwetu wanaofika Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, huamini kwamba habari za soko la wakulima huisha pale miti inapopukutisha majani mwezi wa Oktoba, na kwamba tangu hapo hadi Aprili mtu hana budi kununua kila kitu katika maduka makubwa. Mimi nimekaa hapa muda wa kutosha kuwa na maoni mengine. Kwa mpishi aliyekulia Tanga, anayetaka sikukuu iwe na pilau ya mbuzi, mboga za majani zenye ladha na supu ya kuku isiyo maji matupu, gulio la Desemba lina faida kuliko lile la Julai, ingawa meza zake ni chache na nyanya hazipo kabisa.

Soko lenyewe linaitwa Dane County Farmers' Market, nalo lilianza mwaka 1972. Wakati wa joto hulizunguka jengo la bunge la jimbo kila Jumamosi asubuhi, watu wakitembea kwa msururu unaokwenda upande mmoja. Baridi inapozidi, katikati ya Novemba, wakulima huhamia ndani ya Monona Terrace, jengo la mikutano lililo ukingoni mwa Ziwa Monona, ambalo Frank Lloyd Wright alilibuni kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na ambalo halikufunguliwa hadi mwaka 1997, yeye akiwa amekwisha kufariki zamani. Huko huuza Jumamosi asubuhi hadi wiki ya Krismasi. Kanuni kuu ya soko hili ni kwamba anayeuza lazima awe ndiye aliyezalisha, na bidhaa iwe imetoka Wisconsin. Mlanguzi hana nafasi. Kwa hiyo usitegemee kupata nazi, ndimu, iliki wala ndizi, na orodha ya sikukuu bado itakupeleka kwenye duka la Wahindi au la Waafrika baada ya hapo.

Ubora wa mboga za Desemba una sababu yake. Sukuma wiki, spinachi, kabichi au karoti inapopigwa na baridi kali hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari huchelewa kuganda kuliko maji matupu, na kwa njia hiyo mmea hujikinga usiharibiwe na barafu. Sukuma wiki ya Agosti huwa na uchungu unaodai chumvi na nyanya nyingi. Ya Desemba inaweza kupikwa kwa kitunguu na mafuta tu, ikakubalika hata kwa watoto. Spinachi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Wakulima huiotesha katika nyumba za plastiki zisizopashwa moto, na majani yake hutoka manene, yaliyokunjamana, yakiwa na wekundu mdogo chini ya kikonyo, karibu na mzizi. Usikikate kikonyo hicho ukakitupa, kwa sababu utamu mwingi umo humo. Mimi huipika kwa tui zito, dakika tatu au nne tu, bila kuichemsha kwanza na bila magadi, jambo ambalo shangazi yangu asingelikubali hata kidogo.

Maboga nayo yapo kwa wingi, kwani huvunwa kabla ya baridi ya kwanza na kukaushwa maganda ili yadumu. Boga la kununua liwe na kikonyo kikavu kisichovunjika, na ganda lake lisiingie kucha ukilibonyeza. Aina ya butternut ndiyo inayokaribia zaidi boga letu la kupikwa kwa nazi, na haihitaji friji: kona ya chumba isiyo karibu na kipasha joto yatosha. Kwa viazi mviringo ninatoa tahadhari moja, nayo ni kuuliza vilihifadhiwa wapi. Kiazi kilichokaa muda mrefu kwenye baridi kali hujaa sukari, na chipsi zake hugeuka kahawia iliyokolea kabla hazijaiva ndani. Kwa katlesi na mchuzi, hata hivyo, hakina neno.

Kuna pia kranberi, tunda dogo jekundu ambalo Wisconsin huzalisha zaidi ya nusu ya mavuno yake yote nchini Marekani. Wenyeji hulipika na sukari nyingi wakalila na bata mzinga. Ukali wake unafaa achari kuliko utamu wowote: ulipike na pilipili, kitunguu saumu, bizari na siki kidogo, uliweke pembeni mwa pilau mahali pa achari ya embe. Jibini ninaipita haraka, kwa sababu Wisconsin imekwisha kusifiwa vya kutosha kwa hiyo.

Hazina ya kweli, kwa maoni yangu, imo ndani ya masanduku ya barafu ya wafugaji. Kuku wa madukani huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu, na nyama yake huvurugika kabla supu haijapata harufu. Mfugaji wa mayai, kwa upande wake, huwa na mitetea iliyomaliza kutaga, ambayo wenyeji wengi huiona ni migumu mno, hivyo mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya kuku mchanga. Huyu ndiye kuku wetu wa kienyeji. Anahitaji saa mbili hadi tatu motoni, tangawizi na ndimu, na mafuta yake ya manjano yanayoelea juu ya supu hayapatikani kwa kuku mwingine. Msimu huohuo mayai huadimika kidogo, maana mtetea huhitaji mwanga wa takribani saa kumi na nne kwa siku ili atage vizuri, na mchana wa hapa mwishoni mwa Desemba ni saa tisa tu. Anayetaka kuoka keki nyingi awahi.

Nyama ya mbuzi na kondoo huuzwa ikiwa imegandishwa, na haifai kungoja Jumamosi ya mwisho ndipo uiulizie. Ni heri kuzungumza na mfugaji mwishoni mwa Novemba na kumweleza kwamba unataka shingo, mbavu na bega vikiwa vimekatwa vipande pamoja na mifupa, kwa sababu asipoambiwa atakuletea paja zima la kuchoma. Waislamu miongoni mwetu huuliza pia kuhusu uchinjaji, na faida ya kununua kwa mwenye mifugo ni kwamba anaweza kujibu swali hilo mwenyewe.

Kuhusu bei, hapa si Mgandini, soko la kwetu Tanga. Bei imeandikwa kwenye kikaratasi, haipunguzwi, na kuomba nyongeza humfanya muuzaji akutazame asijue unataka nini. Hata hivyo soko linapokaribia kufungwa, mkulima asiyependa kurudi na mzigo huweza kukuongezea fungu bila kuombwa, hasa akiwa amekuzoea. Baadhi ya vitu ni ghali kuliko dukani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mimi huokoa kwa kuacha mashada ya matawi ya misonobari, mishumaa na keki, nikaelekeza pesa kwenye kuku na mboga. Wenye kadi ya msaada wa chakula, yaani SNAP, huipitisha kwenye meza ya maelezo wakapewa tokeni za kununulia, lakini kwa kanuni za msaada huo chakula cha moto kilicho tayari kuliwa hakimo.

Njia ya kubebea mzigo inataka akili ya nchi baridi. Sanduku la kupozea, ambalo kwetu huzuia joto, hapa hutumika kuzuia baridi: spinachi iliyoachwa garini katika nyuzi kumi chini ya sifuri huganda, na ikiyeyuka inakuwa uji. Mayai hupasuka, na viazi vilivyoganda hulainika na kutoa maji. Kwa hiyo mboga, mayai na viazi huingia sandukuni na blanketi juu yake, ilhali nyama iliyogandishwa inaweza kukaa buti bila wasiwasi hadi umalize safari zako.

Baada ya mwaka mpya soko huendelea katika jengo la Garver Feed Mill, lililokuwa kiwanda cha sukari mwanzoni mwa karne ya 20, ila maboga mazuri huwa yamepungua. Kwa miaka hii ambapo Ramadhani inaangukia Februari, mimi hununua mawili ya ziada Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi na kuyaweka kwa ajili ya futari za jirani zangu wa Mombasa, ambao hulipia kwa kaimati.