Daftari la Jumuiya

Yalipotundikwa kanisani kwetu mabango ya Jubilei ya 2025, yale ya "Mahujaji wa Matumaini", mawazo yangu yalikimbilia kwenye daftari moja lenye jalada lililolowa maji.

Mwanzoni mwa 2017 nilikuwa nikirudi nyumbani Kimara kwa njia ya korongoni ili mama wa genge asinione. Sikuwa na deni lake la nyanya. Shida ni kwamba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa na miezi mitano sijatia mguu kwenye sala ya Jumamosi wala sijatoa mchango wa nyumba ya mapadre. Kazi ilikwisha Oktoba, kiwanda cha uchapaji nilikokuwa karani wa stoo kilipofungwa. Mke wangu akamchukua mtoto wakaenda kwao Songea, "kwa muda". Nikabaki na chumba kimoja, godoro, na simu ambayo mara nyingi niliizima.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1976 wakaweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo, na huku kwetu mkazo huo umeshika hasa. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka ndoa, hata ukifa, swali la kwanza ofisini kwa paroko ni hilo hilo: jumuiya gani? Mimi nililiona ni swali la kipolisi. Kuna siku bado naliona hivyo.

Ijumaa moja jioni, Kwaresima ikielekea mwisho, nikasikia mlangoni:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina," nikaitika, kabla sijakumbuka kwamba nimejificha.

Ikabidi nifungue.

"Kesho sala ni kwako, baba. Zamu yako tumeiruka mara mbili."

"Mama, sina viti."

"Tutakuja navyo."

Wakaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ya masika inanyesha, kandambili zikarundikana mlangoni kwenye tope. Wengine mkekani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Chumba kilinuka jiko la mafuta ya taa na nguo zisizokauka. Injili ya Jumapili hiyo ilikuwa ya Lazaro, ndefu kweli kweli, na aliyeisoma alikuwa bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kidole kikitambaa chini ya kila neno. Alipofika pale Martha anapotahadharisha kwamba maiti ya siku nne itakuwa imeanza kunuka, akanyamaza kurekebisha miwani. Nikajua sasa wote wananigeukia. Hakuna aliyegeuka.

Wakati wa kushirikishana, fundi cherehani akasema, "Huyu Martha ni mtu wa kwetu kabisa. Anataka kaka yake atoke kaburini, lakini anaona aibu kwa ajili ya harufu." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Nilichokiogopa ni matangazo. Niliona kabisa watanichangia, kapu lizungushwe kwa jina langu nami nimekaa pale nikitazama sakafu. Kapu lilipita kama kawaida, nikatia shilingi 200. Kisha mwenyekiti akatoa daftari kwenye mfuko wa rambo.

"Katibu wetu amehamia Mbagala. Wewe ulikuwa karani, una mwandiko."

"Mama, mimi mwenyewe nadaiwa na jumuiya."

"Ndiyo. Anza kuandika deni lako, halafu uandike ya wengine."

Nikalifungua. Kurasa za mahudhurio zilikuwa zimepigwa mistari kwa mkono: vema kwa aliyekuja, X kwa asiyekuja, na U kwa mwenye udhuru. Nikalitafuta jina langu nikitegemea kukuta X tupu. Hazikuwepo. U, U, U, tangu mwisho wa Oktoba. Nikazihesabu pale pale: 22. Mimi sikuwahi kumpa mtu yeyote udhuru.

"Nani alikuwa akiniombea?" nikauliza.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, anakung'uta khanga yake. "Andika upesi, watu wanawahi kazini."

Nikaandika: Jumamosi, 1 Aprili 2017. Kalamu ikakwama, nikaipuliza, ikaendelea. Chini yake nikaandika deni langu, kisha ya wengine, na kumbe karibu nusu ya jumuiya ilikuwa ikidaiwa nyumba ya mapadre.

Kazi nilipata Agosti, kwa njia nyingine kabisa. Mke wangu alirudi baadaye, na hiyo ni hadithi ndefu.

Jumamosi iliyofuata, fundi cherehani hakuonekana. Nikainua kichwa, nikangoja mtu aseme yuko wapi. Hakuna aliyesema. Nikaandika U.