Sina Neno: miezi sita ya kwanza na boti yenye maneno mengi

Oktoba, wiki ya kwanza

Nimenunua boti. Fiba ya futi 19, mtumba, imeshapita mikononi mwa watu wawili ninaowajua na wengine nisiotaka kuwajua. Nyuma imefungwa Yamaha ya farasi 40, silinda mbili, zile za kuchanganya petroli na oili. Ubavuni imeandikwa kwa rangi ya kijani SINA NENO. Nilitaka kulifuta jina hilo niweke la binti yangu, lakini baba mkwe, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye majahazi ya Pemba, alikataa katakata. "Chombo hakibadilishwi jina, mwanangu. Kitakujuaje?" Sikumwelewa, ila nimeliacha.

Kazi yangu ni uhasibu. Miaka 11 nimekaa kwenye meza inayotazama bandari ya Tanga, nahesabu pesa za watu huku meli zikiingia na kutoka. Ndiyo maana daftari hili nimelipiga mstari katikati: kuingia upande huu, kutoka upande ule. Mpaka leo upande wa kutoka umejaa peke yake. Boti, jaketi okozi tano, kasia mbili, nanga na amari yake, yaani kamba yake, shughuli za TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, za usajili na ukaguzi, madumu mawili ya lita 25. Upo wa kufulia maji nimepewa bure, maana ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo.

Tulitoka ufuko wa Deep Sea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na fundi, tukaifuata rasi ya Raskazone. Matlai, upepo wa asubuhi, na bahari imelala kama mafuta. Fundi akaniachia mkono wa mashine. Mwanzoni omo, mbele ya boti, ilinyanyuka nikawa naona anga tu, kisha, kitu kama kukohoa, boti ikajilaza na kupanda juu ya maji, kelele ikapungua na mwendo ukaongezeka. Nilipiga ukelele ambao mtu mzima mwenye familia hapaswi kuupiga. Fundi hakucheka. Alinishika shingo akanigeuza nyuma.

"Bosi, mbele hakuna kitu. Tazama mkojo."

Mkojo ni ule uzi wa maji unaoruka pembeni ya mashine. Mashine hizi hupozwa na bahari yenyewe: pampu iliyo chini, mguuni, huvuta maji, huyapitisha kwenye kichwa cha mashine, na sehemu kidogo hutokea pale juu ili nahodha aone. Ukiwa na nguvu, mashine ina afya. Ukikatika, una dakika chache kabla hujaunguza pistoni. Kwa hiyo safari yangu ya kwanza baharini nimeiendesha shingo ikiwa imepinda, kama mtu anayerudisha gari nyuma.

Oktoba, mwishoni

Hesabu ya mchanganyiko ni 50 kwa 1. Dumu la lita 25 linataka nusu lita ya oili. Mimi nilipima kwa bomba la dawa ya mtoto, mililita kwa mililita, fundi kasimama pembeni ananitazama kama anatazama maiti ikioshwa. Yeye hutumia chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Jibu ni lile lile, nimehakiki mara tatu.

Ukipunja oili, pistoni hukwama ndani ya silinda. Ukizidisha, moshi tele na plagi zinalowa nyeusi. Nimenunua plagi za akiba nne na ufunguo wake, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Mashine nayo, kila tukirudi, inawashwa ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo ya bahari, dakika kumi kutoa chumvi. Majirani walikuja kutazama siku ya kwanza. Siku ya pili walikuja kulalamika.

Novemba

Nimepwelewa. Naandika haraka kwa sababu aibu bado mbichi.

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huku kwetu ina saa zake: maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, yanakupwa karibu saa nne. Kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Haya yote nilikuwa nayajua kwa kichwa. Saa mbili na nusu asubuhi nikakata njia juu ya fungu ambalo jana yake, alasiri, nilipita nikiimba. Mguu wa mashine ukagusa mchanga. Nikazima, nikauinua, nikashuka kusukuma, maji magotini. Nilipomaliza kuvuta pumzi yalikuwa kwenye vifundo. Kisha boti ikalala ubavu, taratibu, kama ng'ombe.

Nikakaa hapo mpaka saa tano na nusu. Wanawake waliokuja kuchokoa pweza walinipita wakaniamkia kwa adabu kubwa, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Mmoja akaniuliza kama nauza.

Desemba

Kaskazi imeanza, na mkojo umekuwa mwembamba. Kwanza nilichokonoa tundu kwa kipande cha waya, maana mara nyingine ni mchanga tu. Hakuna. Fundi akasema impela, kile kinachosukuma maji ndani ya pampu, na kuifikia impela maana yake ni kuushusha mguu mzima.

Tuliilaza boti ufukweni juu ya magogo. Boliti nne zilitoka bila maneno. Ya tano ilikuwa imeshaoana na alumini. Chumvi ikikaa kati ya chuma na alumini huwa hawaachani kwa talaka moja. Fundi aliipasha moto kwa tochi ya gesi, akaigonga kidogo, akaiacha, akanywa kahawa, akaipasha tena. Saa nzima na nusu kwa boliti moja. Nilitaka kuchukua bomba refu niipige kwa nguvu, akaninyang'anya spana. Ikikatikia ndani, alisema, utanunua mguu.

Impela yenyewe ni kidude cha mpira chenye mapezi sita, si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa. Mapezi mawili hayakuwepo. Nikadhani tunaweka mpya tuondoke, kumbe sivyo: vile vipande vilivyokatika vimekwenda wapi? Vikibaki kwenye njia ya maji, impela mpya itasukuma mpaka kesho na mashine itaungua vile vile. Kimoja tulikikuta ndani ya nyumba ya pampu. Cha pili kilikuwa kimepanda hadi kwenye bomba la juu, kimejikunja kama kamba aliyekauka.

Sasa lililotokea. Impela hushikwa kwenye shafti na kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Bila hicho, shafti inazunguka peke yake na impela imekaa inatazama. Fundi alikuwa ametandika turubai chini ya mashine mahsusi kwa ajili ya vitu kama hivyo. Mimi ndiye niliyelikunja upande mmoja nipate pa kukaa. Kikadondoka upande huo huo.

Mchanga wa Tanga una rangi ya chuma, naapa. Tulipapasa mpaka jua likawa kichwani. Mwisho binti yangu, ana miaka tisa, akakimbia nyumbani akarudi na chekeche la mama yake la unga, akaanza kuchekecha ufuko kibaba kwa kibaba, akitenga kushoto alichomaliza na kulia ambacho bado. Dakika ishirini akasema, "Baba, ni hiki?" Nimeandika kwenye daftari, upande wa kutoka: chekeche moja jipya. Mke wangu hakulitaka tena la zamani, na sikubishana.

Jioni tukawasha ndani ya pipa. Mkojo uliruka ukampata fundi kifuani. Tulipeana mikono kama watu waliozalisha.

Januari

Safari ya kisiwa cha Ulenge, na machungwa ya Muheza, dumu moja la petroli limejaa na jingine nusu, tuko watatu. Kisiwa kile kiko upande wa mlango wa ghuba, kina mikoko na magofu, na ukikizunguka unakutana na kaskazi uso kwa uso. Tulikizunguka. Mashine ikakohoa, ikashika, ikakohoa, ikazima.

Nanga kwanza. Hilo angalau nilikuwa nimefundishwa: mashine ikizima usianze kuvuta kamba ya kuwashia kama mwehu, tupa nanga ujue uko wapi, ndipo uvute kamba kama mwehu. Nilivuta mpaka kiganja kikatoka ngozi. Plagi zimelowa, nikafuta, nikaweka za akiba, zikalowa.

Ikatokea ngalawa, wazee wawili na tanga lenye viraka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Mashine imezima?"

"Imezima."

"Sisi yetu inawaka," akasema wa nyuma, akaniashiria tanga kwa kidevu.

Wakatufunga kamba. Kaskazi ilikuwa inasukuma kuelekea mjini, kwa hiyo ngalawa ile ilituvuta polepole mpaka Deep Sea, farasi 40 wamekaa nyuma kimya kama wageni. Pesa walikataa. Walichukua machungwa yote na kisu cha kumenyea.

Ufukweni fundi akafungua mpira wa mafuta akamimina kidogo kwenye chupa nyeupe, akaiweka juu ya jiwe, akaniambia nisiiguse. Baada ya muda petroli ikajitenga juu, na chini ikabaki tabaka jeupe, limetulia. Maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini ya dumu, na mrija wa kufyonzea nao uko chini ya dumu. Yalitoka wapi? Mfuniko wa dumu la pili haukuwa na mpira wake wa kuzuia, na mimi ndiye niliyeliweka omoni pale mawimbi yanaporuka.

Usiku huo nilifuta safu za kuingia na kutoka nikapiga mpya: *maji yanayotakiwa* na *maji yasiyotakiwa*. Kwenye mashine, yanatakiwa. Kwenye petroli, hapana. Chini ya boti wakati wa bamvua, yanatakiwa. Ndani ya ngama, kule chini tumboni mwa boti, hapana, na hapa nikiri kwamba kizibo cha nyuma nimeshakisahau mara mbili. Kwa mhasibu hesabu hii ni safi kuliko ya mwanzo. Nimenunua pia filta yenye kikombe cha kuona ndani, ili maji yakiingia tena niyaone kabla ya mashine.

Februari

Mama amekuja kutoka Korogwe. Hapandi boti, alisema, mara nne. Ya tano akauliza jaketi okozi lake ni lipi.

Nilimpeleka kisiwa cha Toten tu, pale katikati ya ghuba, mkabala na mji. Wajerumani ndio waliokiita hivyo, maana yake wafu, kwa ajili ya makaburi. Kuna magofu ya misikiti pia, yamemezwa na miti. Nikazima mashine tukiwa mbali kidogo na ufuko. Siwezi kuueleza vizuri ule ukimya unaokuja mashine ikizimwa kwa hiari yako. Si sawa kabisa na ule wa Ulenge. Adhana za adhuhuri zikaanza kutufikia juu ya maji, msikiti mmoja baada ya mwingine, zimepishana kidogo, na mama akawa anaitaja: huo wa kwenu, huo sijui, huo wa sokoni. Akaelekea makaburini akanyanyua mikono akasoma Fatiha. "Mama, wengine hapo huenda ni Wajerumani." Akamaliza kwanza. "Nao wana mama zao," akasema, akanyoosha mkono apewe chungwa.

Jumapili iliyofuata nikaenda kuvua kwa kurambaza na baba mkwe, mshipi nyuma, mwendo wa pole. Akashika nguru. Kilo 6, tulimpima sokoni watu wakiangalia, nikahakikisha wanaangalia. Katika fujo za kumpandisha, mshipi ulilegea ukaingia kwenye pangaboi. Niliinua mguu, nikakata kwa kisu, nikavuta vipande nikavitupa ndani ya boti. Ulitoka wote. Nilikuwa na hakika.

Machi

Kabla kusi haijaanza nimeamua kuipandisha boti juu, nikwangue viganda vya chini na kupaka rangi. Wazee walikuwa wanapaka deheni, chokaa na mafuta, na baba mkwe ameniambia mara kadhaa kwamba ilikuwa bora. Oili ya gia nayo nikasema tubadilishe, haijawahi kuguswa tangu ninunue.

Fundi alifungua parafujo ya chini. Oili isiyo na kasoro inapaswa kutoka ikiwa imeiva, ya kahawia au nyeusi, inavutika. Iliyotoka ilikuwa chai ya maziwa. Ilijaza bakuli, nzuri kabisa, ungeweza kumtilia mgeni.

Safu ya pili, mstari mpya: maji kwenye gia.

Akatoa pangaboi. Nyuma yake, pale shafti inapotokea, kulikuwa na pete ya mshipi wa plastiki imejisokota, imekazwa na joto mpaka imekuwa kitu kimoja kama kitasa. Ilikuwa imeikata sili ya nje, ule mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia, na kuanza ya ndani. Alichimbua kwa ncha ya bisibisi, akanyoosha kipande juani, akauangalia unene wake, akaniangalia mimi.

"Huu ni wa namba ngapi, bosi?"

Nilimtajia. Ni ule ule wa nguru.

Duka la vipuri hapa mjini halina sili za saizi hiyo. Mbili zinakuja na basi la kesho kutoka Dar. Boti iko juu ya magogo, mguu uko nyumbani ukumbini juu ya gazeti, na mke wangu ameniuliza utakaa hapo mpaka lini. Nguru nimemwandika kwenye ukurasa wa nyuma, kilo 6, peke yake.