Siku moja maishani mwangu: sekunde 90 za omena

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko nyuma ya boda, begi la kamera nimelikumbatia kifuani, tunateremka kutoka Nyalenda kuelekea Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video. Nyumbani nilikuwa na dakika 74 za picha nilizorekodi Jumanne na Jumatano, lakini moja ilikosekana: mitumbwi ikirudi taa zingali zinawaka. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Taa huelea juu ya maji, omena wakaufuata mwangaza, wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikikaribia kujaa wavuvi hupumzika, kwa sababu ziwa lote limeangazwa na taa haiwaiti tena. Mwezi ulikuwa umeanza kukua. Nisingeenda leo, ningesubiri hadi giza lirudi, na wenye kazi yao wanaitaka leo usiku.

Wenye kazi ni kikundi cha akina mama wanaokausha omena. Wamejenga vichanja vya mbao, wakatandaza wavu juu yake, omena haigusi ardhi tena. Wanataka wanunuzi wa Kakamega na Nairobi waone hilo kwa macho yao. Mnunuzi wa omena ana lalamiko moja la tangu zamani: mchanga. Unaosha maji matatu, unakaanga vizuri, na bado meno yanakuambia. Basi ni video ya sekunde 90, ya kutumwa kwa WhatsApp.

Kamati ya ufuo ilikuwa imeshaniruhusu, kwa hiyo nilisimamisha kamera matopeni nikangoja. Saa kumi na mbili kasoro ikaja mitumbwi mitatu, taa zikiyumba, yangeyange wakitembea ukingoni kama wenye nyumba. Nilipata sekunde 40 nzuri. Nilifurahi kupita kiasi, na hilo mtaliona baadaye.

Saa mbili asubuhi niko mezani na chai na maandazi mawili. Hapa sina haraka hata mteja akipiga simu. Nafungua folda ya mradi, ndani yake folda za picha, sauti, muziki, manukuu na video iliyokamilika. Nanakili kadi kwenye laptopu, kisha nanakili tena kwenye diski ya nje, kisha nafungua klipu moja moja nione kama zinacheza. Kadi haifutwi mpaka mteja apokee kazi. Mwaka 2021 nilifuta kadi ya harusi ya watu kabla ya kuhakikisha nakala, nikapoteza saa nzima ya sherehe. Bibi harusi hakunigombeza. Alinyamaza tu kwenye simu, kisha akauliza kama sauti ya babake imebaki. Haikubaki. Tangu siku hiyo sijali nikiambiwa nachelewa asubuhi.

Natumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ile ya bure. Kitu cha kwanza ni idadi ya fremu kwa sekunde, yaani picha tuli zinazounda video, kwa sababu ukishaanza kupanga klipu programu hii haikubali kirahisi uibadilishe. Naweka 25. Wanaoanza kazi hii huniuliza mbona si 30 kama simu zao. Sababu ni stima. Ghala la akina mama lina taa ya tyubu. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa hiyo hupepesa mara 100, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Kamera inaona. Ukirekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde, mistari ya giza inapanda ukutani kama maji. Kwa fremu 25 na shata ya 1/50, kila fremu inabeba mipepeso miwili kamili na ukuta unatulia.

Tatizo ni klipu sita alizonirekodia binamu yangu kwa simu. Simu haina fremu za kudumu: kukiwa na kiza inapunguza, jua likitoka inaongeza. Ukiiweka klipu ya dakika nne kwenye taimulaini, yaani pale klipu zinapopangwa, mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, mwishoni mtu ameshamaliza kusema na midomo bado inatembea. Nilizipitisha zote kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, nikaiambia fremu 25 zisizobadilika, nikazirudisha. Kisha nikaiacha kompyuta itengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kufanyia kazi, maana laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na picha za simu za siku hizi zinaikaba koo.

Saa nne nasikiliza. Sihariri, nasikiliza tu, hedifoni masikioni na daftari mkononi, naandika kila alichosema mama mwenyekiti wa kikundi pamoja na dakika alipokisema. Mahojiano tuliyafanya Jumanne saa tisa mchana, na hilo lilikuwa kosa langu. Saa hizo nchi kavu imeshapata joto kuliko maji, hewa inapanda, na upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja kwenye maiki. Nilikata sauti zote za chini ya hezi 100. Ngurumo ya upepo ikapungua sana, na sauti ya mama haikuguswa, maana sauti ya mwanamke huanzia juu ya hapo.

Mama anaongea Kiswahili vizuri, lakini nilipomuuliza kwa nini bei yao ni ya juu kuliko ya jirani, alinyamaza, akaitazama omena iliyotandazwa, kisha akajibu kwa Dholuo. Mimi ni mtu wa Mumias. Dholuo nasikia, lakini siyo yote. Nilivuka ua nikamwita jirani yangu, mwalimu, akaja na kikombe chake cha chai akasikiliza mara tatu. Akaniambia, "Dada, mama anasema kwamba anachouza si samaki peke yake, anauza chieng'. Sasa chieng' ni jua, na chieng' ni siku pia. Chagua." Tulikaa hapo robo saa nzima kwa neno moja. Omena ya kwenye kichanja inahitaji jua la kutwa na mtu wa kuigeuza kutwa, kwa hiyo yote mawili ni kweli. Mwishowe manukuu yakasema: "Ninauza jua la siku nzima." Mwalimu alitikisa kichwa akakubali, na mimi bado naona ni sentensi bora kuliko yote niliyowahi kuandika chini ya picha.

Kuanzia saa tano napanga. Sekunde 90 ni fremu 2,250, na kila moja inataka haki yake. Naanza na sauti kabla ya picha: unasikia viganja vikikwaruza wavu, skrini ingali nyeusi, kisha omena inatokea. Sikuweka muziki hapo. Muziki ungeziba ule mkwaruzo, na mkwaruzo ndio unaomwambia mnunuzi kwamba chini kuna wavu.

Kisha nikafanya jambo lililonisumbua. Mama alinyamaza sekunde nne kabla ya kujibu, na kwa video ya sekunde 90 hizo ni nyingi, basi nikazikata. Nikacheza. Alisikika kama mtu anayesoma tangazo la redio: swali, jibu, pap. Nikazirudisha nikacheza tena. Sasa unamwona akiitazama omena, kope zinashuka, mkono unaondoa jani lililoangukia wavuni, kisha ndipo neno linatoka. Jibu lilikuwa limeanzia kwenye lile jani. Zikabaki, fremu 100 kamili. Ila lazima zilipiwe na kitu, na kilicholipa ni mitumbwi yangu ya alfajiri. Nilikuwa nimeipa sekunde 12, ikabaki na 8. Iliniuma, lakini mitumbwi si ya kikundi, na video ni yao.

Saa saba nilikula chapati na madondo nimesimama mlangoni.

Saa nane na dakika ishirini stima ikapotea. Betri ilikuwa asilimia 61. Nilipunguza mwangaza wa skrini, nikafunga kila kitu kingine, nikaendelea na manukuu kwa sababu hayali nguvu nyingi: mistari miwili isizidi, kila mmoja uwe mfupi wa kusomeka kabla haujaondoka. Saa tisa na nusu ikarudi.

Halafu rangi. Hapa ndipo nilipopenda kujionyesha. Nilipasha picha zote joto, nikasukuma chungwa kwenye mwanga na buluu kidogo kwenye vivuli, mpaka ufuo mzima ukang'aa kama machweo. Nikaegemea kiti nikasema moyoni, hii imeiva.

Saa kumi ikabisha hodi. Mama mwenyekiti alikuwa anatoka mjini na gunia lake lililobaki robo, akaona apitie aone kazi imefika wapi.

"Karibu mama, keti hapa karibu na dirisha."

"Asante, nyathina, mwanangu. Nionyeshe hao watoto wangu."

Nikamchezea. Alicheka alipojiona, akanyamaza alipojisikia, akafuta jicho kwa ncha ya leso. Nilijua tumemaliza. Kisha akasogea akaweka kidole karibu na skrini, pale omena ilipojaa.

"Hii si omena yangu."

Nikamwambia ni yake mama, nilikuwepo.

"Hii imenyeshewa. Angalia ilivyo njano. Mtu akiona hivi atasema ni ya kuku."

Akafungua gunia, akachota omena kiganjani, akaomba sahani. Nikaleta kisahani cheupe. Akamimina, akakisukuma mpaka kikagusa laptopu, chini ya mwanga wa dirisha. Nilizitazama kwa mara ya kwanza nikiwa karibu hivyo. Mbavu zilikuwa za fedha, fedha safi ya kijiko kipya, mgongoni mstari mweusi wenye ubuluu ndani yake, na jicho limebaki wazi. Hakukuwa na hata chembe ya njano. Omena iliyopigwa na mvua kabla ya kukauka hugeuka rangi, huvunjika vichwa, na bei yake hushuka mpaka kwenye chakula cha mifugo. Kwa chungwa langu la machweo nilikuwa nimeishusha bei ya mali yake yote.

Nilifuta rangi yote mbele yake. Kwenye picha moja kulikuwa na gunia jeupe la sandarusi limeanikwa kwenye kichanja. Resolve ina kidude cha kuchagua nyeupe: ukibofya mahali unapojua ni peupe, programu inasawazisha nyekundu, kijani na buluu mpaka pawe peupe kweli. Nikabofya gunia. Omena ikageuka fedha. Nikanakili marekebisho hayo kwenye picha zote za saa ile, kisha nikapitia zilizobaki moja moja, maana kamera yangu nilikuwa nimeiacha ijipimie rangi yenyewe na kila ilipogeuka ilikuwa na maoni mapya. Mama alikaa pale dakika arobaini. Kila picha ya omena nilipomaliza aliangalia kisahani, akaangalia skrini, akasema "bado," au "hapo." Mara mbili alisema imezidi buluu, "kama ya friji," na alikuwa na haki. Nina mita za rangi kwenye programu, nazitumia kila siku, lakini hakuna iliyonisaidia leo kuliko kile kisahani.

Alipoondoka aliniachia omena yote iliyokuwa kisahanini na viganja vingine viwili juu yake.

Saa moja kasorobo, jua linazama, nikaanza kurenda, yaani kuitoa video nzima kama faili moja. Mfumo wa H.264, pikseli 1080 kwa 1920, picha ya kusimama kwa sababu watu wataitazama kwenye simu, megabiti 10 kwa sekunde. Laptopu ilinguruma dakika 11. Faili ikatoka megabaiti 113 hivi. Sikuituma. Niliiweka kwenye simu yangu, nikatoka nje kibarazani, nikaitazama kwa spika ya simu yenyewe, bila hedifoni, huku watoto wa ploti wakicheza, kwa sababu hivyo ndivyo mnunuzi wa Kakamega atakavyoitazama. Kwenye sekunde ya 37 kitu kikapepesa. Nikarudisha. Kikapepesa tena. Kati ya klipu ya kichanja na ya mizani kulikuwa na nafasi ya fremu moja, fremu moja nyeusi, moja kwa 25 ya sekunde. Hakuna ambaye angeweza kusema ameona nini, lakini angehisi kama video imekwaruzika. Nikaziba, nikarenda tena, dakika 11 nyingine.

Wakati huo nilikuwa nimeroweka omena kwenye maji ya moto. Nilizisuuza mara moja, nikatazama chini ya sufuria: maji masafi, hakuna mchanga. Kitunguu, nyanya mbili, chumvi.

Saa mbili na nusu usiku nikatuma. Faili kubwa nilituma kama dokumenti, maana ukituma kama video WhatsApp huibana na omena hupoteza mng'ao wake, na baada ya saa kumi ya leo nisingekubali. Nikatengeneza na nyingine ndogo, megabaiti 14, ya simu ya mama, asimalize bando. Ile kubwa ilipanda taratibu. Ilipofika mwisho nilikuwa nasonga ugali.

Saa tatu kasoro ikaja sauti ya mama kwenye simu, nyuma yake wenzake wanaongea wote kwa pamoja. "Nyathina, wameona. Wanauliza hiyo mashine yako inaweza kufanya na samaki mbuta?"