Zafa ya Kandy, tembo anatandikiwa kitambaa cheupe

Sisi watu wa Tabora tukisikia pembe za tembo akili inakimbilia misafara ya zamani, wapagazi wa Kinyamwezi na mzigo begani mpaka Bagamoyo. Sasa kule Kandy, Sri Lanka, pembe ziko kwa mwenyewe tembo, hai, na anatandikiwa kitambaa cheupe njia nzima ndo apite. Nimeangalia video zake YouTube usiku kucha jamani.

Inaitwa Esala Perahera, sherehe ya Wabudha, kila mwaka mwezi wa 7 au wa 8 kufuata mwezi mwandamo. Wanaliheshimu jino la Budha, linatunzwa hekalu la Sri Dalada Maligawa, wenyewe wanasimulia liliingia kisiwani karne ya 4, binti mfalme Hemamali kalificha kwenye nywele zake. Jino halitoki hekaluni siku hizo, tembo anabeba kasha tu.

Mbele wanatangulia wapiga mijeledi, inalia paa! paa! watu wapishe njia, afu wanafuata wacheza moto, bendera, ngoma, wachezaji, na tembo wamevishwa nguo za kumeremeta mpaka kwenye mkonga. Pembeni kuna wabeba mienge, na kinachowaka humo ni mbata, yani nazi kavu kabisa, wanaiongeza huku msafara unatembea.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: tangu enzi za wafalme kuna familia zilipewa mashamba ya hekalu, malipo yake ni kupiga ngoma, kucheza au kubeba mwenge siku ya zafa, kwahiyo kazi inatoka kwa baba inaenda kwa mtoto na mtoto anajua nafasi yake toka mdogo. Sa huku kwetu Bayeye, wale wachezaji ngoma wanaocheza na nyoka, tunawaita kiongozi akija, wanacheza kidogo basi, nani anamrithi mzee hatuulizi. Inaniuma kwa kweli.

Minyororo kwenye miguu ya tembo siipendi, hata huko kwao kuna watu wanaipinga na mi niko nao. Ila heshima wanayo, tembo wao Raja alibeba kasha miaka mingi, alipokufa 1988 mwili wake ukahifadhiwa na upo mpaka leo palepale hekaluni.

Kama kuna mtu Isevya, Ipuli au Ng'ambo anamjua mzee wa Bayeye anayefundisha watoto, niandikieni hapo chini, nataka nikamrekodi akikubali.